Asante Si Takwimu

Jina lake nililijua, lakini sijawahi kulitumia. Kijijini kwetu, juu ya Mkuyuni, kila mtu alimwita Profesa, hata mjomba wangu, ambaye hamwiti mtu kwa cheo isipokuwa padri. Mimi baadaye nilimwita majina mengine yasiyoandikika, na nitaeleza haki hiyo niliipata wapi.

Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na siku zote alivaa koti la suti na gambuti. Koti lilikuwa la chuo, gambuti zilikuwa zetu sisi wa mlimani, na kwa kuwa aliona kubadilisha nguo mara mbili kwa siku ni kupoteza muda, alivaa vyote kila mahali. Nasikia aliwahi kuwahutubia wageni wa kutoka nje akiwa na tope la Mkuyuni mpaka magotini. Nami naamini, kwa sababu nilimwona akiingia nalo kanisani.

Kazi yake ilikuwa kutembea. Si kutembea mwenyewe, Mungu apishe mbali! Kutoka geti la chuo mpaka ofisini kwake alipanda bodaboda, na bodaboda wote pale getini walimgombea. Alishughulika na kutembea kwa watu wengine. Alikokotoa kwenye kompyuta jinsi mguu unavyokanyaga, uzito unaelekea wapi, nguvu inapotelea wapi, na hiyo iliyopotea inawezaje kukamatwa.

"Mnashuka na ndizi tangu enzi za mababu," aliniambia siku moja, akitafuna hindi la kuchoma, maana bila hindi la kuchoma hesabu zake hazikwenda. "Kila hatua ya kushuka mnaitupa nguvu ardhini bure. Mimi naitaka hiyo nguvu."

Alitaka kutengeneza mguu wa bandia ambao ukishuka mlima unajaza betri, na ukipanda unaitumia betri hiyo kukunja kifundo chake vizuri. Alitaka mguu usiosubiri umeme wa ukutani, kwa sababu kwetu ukuta upo, ila umeme una siku zake.

Na mimi nilikuwa na mahali pa kuufunga. Mguu wangu wa kushoto, kuanzia chini ya goti, niliuacha barabara ya Mkuyuni siku pikipiki niliyopanda ilipoingia korongoni. Hospitali walinipa mguu mzuri wa kutembelea sakafu. Kwenye korido yao nilikuwa malkia. Nyumbani kwetu hakuna korido, kuna mlima, na mguu ule ulipouona mlima ulikataa kazi.

Shamba langu liko juu, mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye miguu miwili: migomba, pilipili manga, na mikarafuu minne. Ni ardhi ya ukoo wa mama. Kwetu Waluguru ardhi hufuata mama, lakini haimsubiri mtu aliyelala kitandani. Mjomba, ambaye ndiye msimamizi wa mashamba ya ukoo, alikuja akakaa, akanywa uji, akasema kwa upole uliozidi kipimo:

"Mpwa wangu, nakupa misimu miwili. Ukipanda mwenyewe na kushuka na mzigo wako mwenyewe, shamba ni lako mpaka uzeeke. Ukishindwa, tutampa mwenzako alime, nawe utakula kwake."

Kula kwake! Huyo mwenzangu ni binti wa mama yangu mdogo, namsomeshea mtoto, na migomba yake ilikufa yote akiwa anaitazama. Sikulala siku mbili kwa hasira. Basi niliposikia kuna Profesa anatafuta watu waliokatwa mguu na wanaoishi milimani, nilikuwa wa kwanza kuandikishwa.

*

Alikuwa na misemo yake, na misemo hiyo haikuwa ya kitabuni. "Mlima hausomi makala," alisema kila mguu mpya ulipovunjika. "Ndani ya kompyuta hakuna mvua mpaka niiweke mwenyewe," alisema akitazama mawingu. Alinionyesha mara moja kwenye kioo cha kompyuta mguu wangu, uliochorwa kwa mistari tu, ukishuka njia yetu, ukianguka, ukirudi juu, ukishuka tena. Uliweza kuanguka mara elfu kabla sijanyanyua wangu mara moja. Nikauonea huruma.

Lakini msemo ninaomkumbukia zaidi ulizaliwa kwa kosa langu. Ni kosa letu sote tuliokuwa tunajaribu, ila mimi ndiye niliyeangukia nalo mtoni.

Kila wiki mbili Profesa alipanda kuja kwetu, pikipiki mpaka inapoishia njia, kisha anapumua kama mvukuto mpaka kwangu. Alikuja na mhandisi wake, dada mmoja mpole aliyechonga vyuma kwa mikono yake na ndiye aliyeshika daftari. Alileta na biskuti za watoto. Tukisalimiana, "Shikamoo Profesa", "Marahaba, mama", tunakaa, dada anauliza: "Mguu unauonaje?" Nami najibu kama nilivyolelewa: "Hamna shida kabisa. Tunashukuru sana."

Shida zilikuwepo. Ukingo wa juu ulikuwa unanichuna, na kifundo kilichelewa kujikunja nikishuka, kwa hiyo kila jiwe lilikuwa mtihani. Lakini mtu mzima, msomi, amepanda mlima na mvua, amekuletea biskuti, utamwambiaje kazi yako mbaya? Nilifunga kitambaa, nikatembea mbele yake nikitabasamu. Wenzangu wa vijiji vingine walifanya vilevile.

Siku ya jaribio la kushuka na mzigo ilikuwa ndani ya masika, na msimu wa kwanza wa mjomba ulikuwa unakaribia kuisha. Nilijitwisha mkungu wa ndizi. Dada alitangulia akipiga picha, Profesa akafuata nyuma yangu, sehemu nyingine akiteremka kwa makalio. Tulipofika pale njia inapokatwa na kijito, kifundo kikachelewa tena, na mimi huyo, mkungu huyo, sote ndani ya maji.

Walinitoa. Dada akafungua mguu, akavuta soksi, na soksi ikagoma kutoka kwa sababu damu iliganda.

Profesa akakaa kwenye tope na koti lake.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza, Profesa."

"Daftari linasema nini?" akamwuliza dada. Dada akafungua, akasoma kwa sauti ndogo: "Hamna shida. Hamna shida. Anashukuru sana. Hamna shida."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Ungejisikiaje? Na mvua hii, na biskuti."

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alitazama kijito kinachukua ndizi zangu, akasema taratibu, "Asante si takwimu." Kisha akanieleza, na hapo ndipo nilipoelewa uharibifu wangu. Miezi yote ile alichukua majibu yetu akailisha kompyuta, na kompyuta ilikuwa inajifunza kutokana nayo. Haina adabu, kwa hiyo haijui kwamba mtu anaweza kusema hamna shida kwa sababu ya adabu. Iliamini. Ilikuwa inauboresha mguu kuelekea kule kule kwenye ubaya, kwa kuwa sisi tuliusifu. Nililia pale, kwa kigutu kilichouma na kwa shamba, maana niliona wazi kwamba ulimi wangu mwenyewe umekula msimu mzima kati ya misimu yangu miwili.

Akaniacha nilie. Nilipomaliza akaniuliza, kama mtu aliyekumbuka kitu: "Wewe ni Mluguru?"

"Ndiyo, Profesa."

"Kwa mama?"

"Kwa mama na kwa baba."

"Mimi ni Mnyamwezi."

Jamani! Maumivu niliyasahau. Kwa msomaji asiyejua: Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Babu zao walipita kwetu na misafara wakielekea pwani, wakagombana na babu zetu, wakapatana, na mapatano yenyewe yakawa kutukanana kusikoisha. Mtani unaweza kumwambia lolote, hata kwenye msiba wa mama yake, na akikasirika yeye ndiye mkosaji.

"Mnyamwezi?" nikasema. "Na miezi yote hii unaitikia marahaba, unatutazama?"

"Mliniamkia kabla sijasema."

"Kumbe ndiyo maana! Nilikuwa najiuliza mguu gani huu unaotembea kama mpagazi aliyeiba mzigo. Umetengenezwa na Mnyamwezi! Unachuna, unachelewa, unanuka, na ukilia unalia kama wewe unavyopanda mlima!"

Dada akaangusha daftari. Profesa alicheka mpaka akashikwa na kwikwi, akawa anamnyooshea dada kidole: "Andika! Andika hivyo hivyo, usimpunguzie hata neno!"

Nikamvua gambuti la kushoto, kwa kuwa la kushoto ndilo nisilolihitaji mimi, na mtani akikuchukulia kitu hukidai, unakikomboa. Alirudi mjini na soksi. Wiki iliyofuata akaja na kidumu cha asali ya Tabora, akapewa gambuti lake, na shikamoo yangu hakuipata tena.

*

Toka hapo alibadilisha utaratibu wa utafiti wake wote. Kila aliyejaribu mguu alitafutiwa mtani wa kumhoji. Kule Dakawa alikuwepo mzee mmoja, Msukuma aliyehamia kulima mpunga, ambaye kwa miezi yote ile hakuwa amesema chochote isipokuwa "Mungu awabariki". Profesa akamtuma dereva wa chuo, Mzaramo. Dereva alirudi na kurasa nne za matusi, na ndani yake mlikuwa na mambo tisa ya kurekebisha, likiwemo la tope la jaruba kuingia kwenye springi. Wenzake chuoni walimcheka. Walimwuliza ataiandikaje njia hiyo kwenye makala ya kisayansi. Alisema ataiandika kama ilivyo, na wasomaji wakitaka kujua zaidi watafute watani wao.

Mimi nilichukua kazi yangu kwa moyo. Nilimwambia kompyuta yake ni mwanaume.

"Kwa nini?"

"Haijawahi kubeba kitu kichwani."

Akaacha kutafuna hindi. Ilikuwa kweli. Mtu wake wa mistari alitembea mikono mitupu, na hata alipopewa mzigo aliufunga mgongoni kama mtalii. Mwanamke wa kwetu akijitwisha, shingo husimama, kiuno ndicho kinachofanya kazi, na mguu unatua tofauti kabisa. Hakuniomba nimweleze zaidi. Wiki ile, dada alinisimulia, Profesa alionekana kwenye korido ya chuo akiwa na ndoo ya maji kichwani na vipimo vimefungwa miguuni, koti limelowa, wanafunzi wamejipanga ukutani. Alifika mlango wa tatu. Siku ya pili alifika wa tano. Aliniletea habari hiyo kama mtoto aliyeletewa zawadi, nami nikamwambia bibi yangu kipofu alifika na ndoo nyumbani.

Mguu ukawa mguu. Kushuka ukanguruma kidogo, kirr, kirr, ukijaza betri yake, na kupanda ukanisukuma kisigino kwa heshima. Betri ilijaa mpaka ikabaki ya ziada, na dada, kwa wema wake, akaweka tundu la kuchajia simu. Hilo lilikuwa kosa la kisayansi. Wanawake wa jumuiya yetu walianza kunisindikiza shambani kwa upendo ambao sikuwahi kuuona, kila mmoja na waya wake. Jumapili moja, katikati ya kimya cha Misa, mguu ulipiga mlio wa kusema betri imejaa. Padri akainua macho. Sauti ikatoka nyuma: "Mwambieni simu yangu aichomoe." Profesa alipopata habari hiyo alitaka kujua jambo moja tu, simu zilikuwa ngapi.

Alikuwa na mambo yake yasiyolingana, sitayaficha. Mtu huyu aliyeweza kuushusha mguu mlima mara elfu ndani ya kompyuta hakuweza kuvuka kijito chetu bila kushikwa mkono. Namba za simu aliandika kwenye kijitabu, kwa sababu hakuiamini simu. Na aliyetudai ukweli kama ushuru, yeye hakuutoa. Ukimwuliza habari za afya, jibu lilikuwa moja: "Salama tu." Salama tu, huku anabonyeza paji la uso. Vidonge vyake vya presha vilikuwa kwenye mfuko wa koti, na humo vilikaa. Nilimtukana kwa hilo pia, lakini alikuwa hodari wa kugeuza mazungumzo, na mimi, nakiri, nilikuwa na shamba kichwani.

*

Shamba nilibaki nalo. Mwisho wa msimu wa pili mjomba alikuja na fimbo yake, akasimama chini, pale njia inapotokea, na nusu ya kijiji nyuma yake. Nilitoka juu na tenga la pilipili manga, na juu ya pilipili nimeweka mkungu wa ndizi kwa kiburi tu. Kijito nilikivuka bila kusimama. Kirr, kirr. Nilipofika mbele ya mjomba, hakuutazama mguu hata kidogo. Alinitua tenga, akaugeuza mkungu.

"Huu ungeuacha wiki moja zaidi," akasema.

Lilikuwa jibu lake. Kasoro ya mkungu humwambii mtu asiye mkulima. Nilipogeuka kumtafuta Profesa nilimkuta kampa dada kisogo, anajifuta uso, anasema ni jasho. Jasho gani, na yeye amekaa toka asubuhi?

*

Miaka ikapita, mguu wangu ukabadilishwa mara mbili, na ziara zake zikapungua. Kisha dada akanipigia simu. Kiharusi kimempata Profesa, upande wa kushoto, ametoka hospitali na yuko kwa binti yake, huko mjini Mwembesongo. Wamemtengenezea kifaa cha goti, kaka yake mguu wangu, cha kumsaidia kunyanyua hatua. "Anaendelea vizuri," dada alisema, "ila hatembei."

Nilishuka kesho yake. Nyumba ya binti iko nyuma ya maduka, ina ngazi tatu za kutokea uani. Profesa alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, amevaa koti la suti, na miguuni zile gambuti. Amekonda. Mdomo umekwenda upande kidogo. Aliponiona alijaribu kucheka, na kicheko kikatoka nusu, na moyo wangu ukaniuma, nasema wazi. Nilikaa bila kumtukana, na nadhani hilo lilimtisha kuliko kiharusi.

Dada akamfunga kifaa, akamsimamisha. Hatua moja, ya pili. Akarudi kitini.

"Unaonaje, Profesa?"

"Hamna shida, mama," akasema taratibu, neno moja moja. "Kazi nzuri. Asante sana."

Dada akaandika. Mimi nilikuwa namtazama taya. Taya hilo nalijua, nimelivaa miezi mingi mbele yake. Nikanyoosha mkono nikachukua daftari, nikarudi nyuma ukurasa mmoja, miwili, mitatu. Hamna shida. Anashukuru. Hamna shida.

"Mnyamwezi we," nikasema.

Binti yake akashtuka. Dada akainamisha uso.

"Mnyamwezi mwongo, mpagazi usiye na mzigo! Dada wa watu anakuheshimu, kakusomea mpaka kapata miwani, utamharibia kazi kwa adabu zako? Kifaa kinauma, hakiumi?"

Akatazama gambuti zake. Jicho lake la kulia likajaa maji.

"Kinauma," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu... wiki ya kwanza."

"Wapi?"

Akanyoosha mkono mzima, akaonyesha nyuma ya goti, kisha nyonga, kisha akaweka kiganja kifuani akakiacha hapo. "Na naogopa kuanguka," akasema. "Naogopa sana, Mluguru. Kwenye kompyuta haikuwa inauma."

Niliandika vyote, na hilo la mwisho nililiandika kwa herufi kubwa. Dada alipiga magoti pale pale akaanza kulegeza mkanda, huku machozi yanamdondokea kwenye chuma. Profesa akamwambia mkanda si huo, ni wa juu, na kwamba ameufunga kama anafunga kuni. Dada alicheka akilia. Binti yake akaninong'oneza kwamba hajamsikia akimkosoa mtu tangu augue.

Wakati wa kuaga ulipofika niliinama, nikamvua gambuti la kushoto, nikalitia kwenye mfuko wangu wa sokoni.

"We mwanamke!" akasema, na safari hii neno lilitoka zima. "Nirudishie!"

"Unajua lilipo. Njoo ulikomboe, na asali. Na sitaki kuletewa, nataka uje mwenyewe, na soksi."

Nilitoka kwa zile ngazi tatu, kirr, kirr, kirr, nikijua ananisikiliza.

Dada ananipigia kila Ijumaa. Wiki iliyopita amesema Profesa ameshuka ngazi mbili, akatukana ya tatu, akarudi ndani. Gambuti nimeliweka mlangoni kwangu, linatazama njia, na mvua ikinyesha naliingiza ndani lisilowe.